Mto Zigi hauanzii Mabayani

Ndugu Mhariri,

Nauza wali na maharage Ngamiani, barabara ya 12. Bili ya maji naitanguliza kuliko kodi ya kibanda, maana bila maji jiko haliwaki. Kwa hiyo mwaka 2024, Tanga UWASA ilipouza hatifungani ya kijani (hati za mkopo kwa miradi inayojali mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, nilifurahi. Mamlaka ya maji kukopa kwa wananchi badala ya kungoja wafadhili si jambo dogo.

Ila tulichosikia zaidi ni mabomba, mitambo na mita. Maji yenyewe yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani linajazwa na Mto Zigi unaoteremka kutoka Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako kaka yangu analima iliki na mdalasini.

Shamba lake linapakana na kijito. Mtaalamu mmoja alifika akayasifia magimbi yake ya bondeni, akamwambia aongeze. Msimu uliofuata akaja mwingine, wa idara nyingine, na kamba mkononi. Akapima mita 60 kutoka kwenye kijito, ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka ziachwe bila shughuli za kuharibu chanzo, akamwambia ang'oe. Mita 60 kwa shamba la namna ile ni shamba karibu lote! Kaka aling'oa. Wa kumuuliza watoto watakula nini hakuonekana. Na wachimbaji wa dhahabu, ambao wameivuruga mito ya huko kwa miaka, wana idara yao nyingine kabisa.

Wakulima wa Amani wana umoja wao, UWAMAKIZI, ambao umeshashirikiana na mamlaka ya maji kulinda vyanzo. Hapo ndipo pa kuanzia. Watu wa maji, kilimo, misitu, madini na Bodi ya Bonde la Pangani wakae nao meza moja, tena huko huko mlimani, si hotelini mjini, watoke na mpango mmoja na fungu moja. Mkulima apate miche ya karafuu na iliki kwanza, ndipo aambiwe habari ya kung'oa magimbi.

Sisi wa mjini tuchangie kidogo kwa kila uniti, kiandikwe mstari wake kwenye bili. Najua wenzangu sokoni watanisuta kwa hili. Mimi nitalipa, kwa sharti kwamba kila robo mwaka tubandikiwe ofisi ya kata: fedha zimekwenda kijiji gani, na miche mingapi imeshika.

Mama lishe,
Ngamiani, Tanga