Akiba ya Baba, kikoba cha Mama: barua kutoka Leeds

Leeds, Uingereza
Machi 2025

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi ni mzima, baridi imeanza kulegea na masomo yanaendelea. Naamini nanyi Mbeya hamjambo, na kwamba mvua zimeacha barabara ya shambani ipitike. Baba, uliniuliza kama mdogo wangu achague uchumi akiingia chuo. Jibu lake ni refu kuliko simu, ndiyo maana naandika.

Muhula huu tunasoma uchumi wa nchi nzima: pato la taifa, ajira, mfumuko wa bei, riba, thamani ya fedha. Wanafunzi wengi huliogopa somo hili kwa sababu ya hesabu. Hesabu zipo, na michoro ya mistari inayokatana ni mingi, lakini mdogo wangu amesoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati), hizo hazitamshinda. Kinachowatoa watu jasho ni kukubali kwamba jambo lililo sawa kwa nyumba moja linaweza kuharibu mambo likifanywa na nyumba zote.

Baba, wewe umetulea kwa neno moja: hali ikiwa ngumu, funga mkanda, weka akiba. Mwanauchumi Mwingereza Keynes aliandika kitabu mwaka 1936, wakati nchi za huku zilikuwa na mamilioni ya watu wasio na kazi, na hoja yake inakugusa wewe moja kwa moja. Watu wote wakibana matumizi kwa wakati mmoja, mwenye duka hauzi, fundi haitwi, kiwanda kinapunguza watu. Vipato vinashuka, na mwisho wake hata akiba waliyoikusudia hawaipati. Darasa zima lilitikisa kichwa kukubali. Mimi nilinyoosha mkono kubisha, kwa sababu naijua nyumba iliyosomesha watoto kwa akiba.

Mkufunzi hakunikatiza. Aliniambia nikaiangalie mashine ya Phillips, ambayo ipo hapahapa Leeds. Bill Phillips alikuwa mtu wa New Zealand, fundi wa umeme aliyewahi kuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajapani. Mwaka 1949 alitengeneza mashine inayoonyesha uchumi wa nchi kwa maji. Inampita mtu kimo, ina matangi ya plastiki angavu, mabomba na vali. Maji ni fedha. Yanashuka kama kipato, sehemu inachepushwa kwenda kodi, sehemu kwenda akiba, sehemu kununua bidhaa za nje. Yanayobaki ni matumizi, na chini kabisa yanapandishwa tena juu na mzunguko unaanza upya. Nilisimama pale muda mrefu nikifuatilia bomba la akiba kwa kidole. Akiba inatoka kwenye mkondo mkuu na kuingia kwenye tangi la pembeni, na kutoka kwenye tangi hilo kuna njia ya kurudi: mikopo na uwekezaji. Njia hiyo ikiwa wazi, akiba haimnyimi mtu kitu. Ikiziba, mkondo mzima unapungua.

Hapo nikakukumbuka wewe, Mama, na kikoba chenu. Shilingi mnazoweka kila wiki hazilali. Zinakopwa na mwenzenu anayeongeza mzigo wa mchele, au anayetaka mbolea kabla ya msimu, kisha zinarudi na riba, na mwisho wa mwaka mnavunja na kugawana. Hiyo ndiyo njia ya kurudi ninayoisema. Baba, fedha unazozifungia kabatini hazina njia hiyo. Nakuomba, kwa heshima zote, zile za dharura ubaki nazo, nyingine ziende mahali zinapokopeshwa.

Lakini simwachii Keynes ushindi wote. Somo hili limeandikwa kwa nchi yenye viwanda vilivyosimama kwa kukosa wanunuzi, na sisi tumewahi kuugua ugonjwa wa upande wa pili. Babu alitusimulia foleni za sukari na sabuni, na ile miezi 18 ya kufunga mikanda aliyoiomba Mwalimu Nyerere baada ya vita vya Kagera. Wakati ule watu walikuwa na noti mkononi, bidhaa ndizo hazikuwepo, kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununua mafuta, vipuri na malighafi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akawasaka walanguzi, na mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na shilingi ikashushwa thamani. Nilipoyaeleza haya kwenye semina, binti mmoja wa Ugiriki alisimulia mwaka 2015 kwao, benki zilipofungwa na mtu akaruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku. Alikuwa mtoto, akisimama foleni na mama yake. Saa hiyo moja ya semina ilinifundisha kuliko sura kadhaa za kitabu.

Mama, wewe ulilalamika kwamba serikali inasema mfumuko wa bei ni kidogo zaidi ya asilimia 3 wakati mchele sokoni Mwanjelwa haushikiki. Wote mna haki. Takwimu inapima kapu zima, pamoja na kodi ya nyumba, nguo, nauli na simu, na inalinganisha na mwezi kama huu mwaka jana. Wewe unalinganisha na bei ya baada ya mavuno, na sasa hivi mpunga wa Kyela na Mbarali bado uko shambani. Tena kwa mtu anayetumia sehemu kubwa ya kipato chake kwenye chakula, kapu lake si lile la takwimu, na hilo nadhani linapaswa kusemwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko linavyosemwa. Halafu kuna lumbesa. Mkulima wa viazi Uyole akiuza gunia kwa bei ileile ya mwaka jana, lakini limeshonewa kilemba cha debe zima juu, bei yake imeshuka bila mtu kutamka. Nataka kuandika insha juu ya hilo.

Kwa hiyo kuhusu mdogo wangu: achague, kama anapenda kuuliza kwa nini. Kama anatafuta cheti tu, atateseka. Aanze na hesabu za viwango vya mabadiliko, asikilize taarifa za Benki Kuu kila wanapotangaza riba, na akipata nafasi aende Tunduma akawaulize wanaovusha mahindi kwenda Zambia jinsi ukame wa kule mwaka jana ulivyogusa bei ya huku. Vitabu vya hapa huanza na nchi isiyofanya biashara na yeyote, kisha ndipo mpaka hufunguliwa. Kwa mtu wa Mbeya ni bora aanzie mpakani.

Mama, nina ombi. Kila Jumamosi niandikie bei ya kilo ya mchele na ya gunia la viazi, na useme gunia lina lumbesa au limefungwa sawa. Anza wiki hii hadi Julai. Mdogo wangu akupigie picha ya daftari na kunitumia.

Bibi mpeni shikamoo yangu.

Ndaga fijo (asanteni sana),
Mwanenu