Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kiangazi cha ndege wa mjini Bukavu

Wapendwa wanachama wa chama chetu cha kuangalia ndege, wababa, wamama na vijana wetu,

Mwaka huu hatukupanda mlima Kahuzi. Usalama haukuruhusu, na kamati iliona si haki kumtuma mtu na darubini katika njia ambayo hata wenye mashamba wanaikimbia. Kazi yote ya kiangazi, tangu Juni hadi mvua za Septemba, tuliifanyia mjini: Muhumba, Nguba, na kandokando ya ziwa Kivu mpaka pale mto Ruzizi inapoanza safari yake kwenda Tanganyika. Najua wengi walisikitika. Lakini nimezisoma kaye zenu zote, yaani madaftari yenu, na nasema kwa furaha kwamba safari hii zinaeleza ndege alikuwa mahali gani na alikuwa akifanya nini, si jina lake tu.

Aliyejaza kurasa nyingi ni mdiria, yule ndege mvuvi mweusi na mweupe. Dume ana mikanda miwili kifuani. Jike ana mmoja, tena mara nyingi umekatika katikati. Vijana wa Nguba sasa wanawatofautisha bila shida. Wameandika vizuri jinsi anavyosimama hewani juu ya maji, mabawa yakienda mbio na kichwa kimetulia kabisa, kisha anajitupa. Sambaza, samaki wetu mdogo, anammeza hukohuko akiruka, bila kurudi tawini, ndiyo maana anaweza kuvua mbali na ufuko. Sambaza naye ni mgeni wa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo analisha wavuvi wetu na mdiria pia.

Ila mdiria hatagi mtini. Anachimba tundu refu katika ukingo wa udongo uliosimama wima. Mama mmoja mwanachama aliufuatilia ukingo wa namna hiyo karibu na Ruzizi. Mwezi wa sita aliandika kwamba ndege wanaingia na samaki ambaye kichwa chake kimetangulia nje ya mdomo. Mdiria akimshika hivyo, ujue samaki si wake, anampelekea mwingine, ili ammeze kwa kuanzia kichwani. Mwezi wa nane ukingo ulikuwa umeshakatwa kuwa kiwanja cha nyumba.

Simlaumu aliyejenga. Mji umejaa, watu wanatafuta pa kulala. Ninachotaka ni sisi tufike mapema: tuzijue kingo zilizobaki, tuzungumze na wenye viwanja na wakubwa wa avenyu (viongozi wa mitaa) kabla sepetu haijafika. Ukingo mmoja ukiachwa kwa miezi michache, vifaranga wanaruka.

Kuhusu mwewe, neno moja. Wa kwetu aliyekomaa ana mdomo wa manjano mtupu. Anayekuja kutoka Ulaya mdomo wake ni mweusi, manjano yako kwenye mzizi tu, karibu na pua. Tafadhali angalieni mdomo kabla ya kuandika.

Mlima hatujausahau. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikaingia urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Huko anaishi ndege mdogo wa kijani mwenye koo la buluu, aliyepewa jina la Grauer; duniani kote anajulikana katika milima hii yetu, Itombwe, na Bwindi ya Uganda basi. Sisi hatukupanda, lakini makala, mkaa wa kupikia, yaliteremka mjini kila siku, na sehemu yake inatoka kwenye miti ya hifadhi. Familia ambazo zimeanza kupikia mbabula (majiko) zinazokula makala kidogo, nawashukuru kutoka moyoni. Hiyo nayo ni kazi ya chama.

Michango imelipwa na wengi; mweka hazina atawasomea hesabu.

Sasa mbayuwayu wa Ulaya wanaanza kufika. Kila mtu aandike tarehe ya kwanza aliyowaona, saa, na kama walikuwa juu ya ziwa, matete au mashamba. Siku ambayo hukuona kitu, iandike pia, maana bila hiyo hatuwezi kujua walichelewa au hatukutoka kuangalia. Kaye mpya ziko kwa katibu, chukueni kabla ya kuondoka.