Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar: Tuiteni maji yakiwa mafu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani katika mwambao wa mashariki wa Unguja. Tuko kumi na wanane. Nakuandikia hadharani kwa jambo moja tu, na halihitaji bajeti: naomba wizara yako iagize kwamba yeyote anayetaka kukutana na wakulima wa mwani, iwe kwa semina, uhakiki au mkutano, asituite siku za bamvua.

Wewe bamvua unalijua, ila barua hii huenda ikasomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga pwani yetu, basi nieleze kidogo. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hukupwa mno, mchanga ukaonekana hadi mbali. Siku hizo ndipo shamba letu linapofikika kwa miguu. Huku kwetu maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana. Tunapata siku tano, sita, pengine saba. Kisha maji yanakuwa mafu, hayakupwi sana, na shamba linabaki chini ya bahari mpaka bamvua jingine, karibu wiki mbili tangu lile la kwanza lianze. Ukikosa bamvua moja umekosa nusu ya mwezi.

Siku ya bamvua tunaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mtu anapika chai na muhogo, anawatayarisha watoto wa skuli, anateka maji, na saa tatu tuko njiani na vijiti, kamba na taitai, yaani vikamba vya kufungia mbegu. Baharini tunainama. Wa kufunga mbegu anafunga, wa kukaza kamba anakaza, wa kung'oa majani yaliyoota kwenye mistari anang'oa. Mwani uliotimiza wiki sita unavunwa. Gunia la mwani mbichi linatiririka maji chumvi mgongoni njia nzima hadi pwani, na ukishakauka, magunia saba hayatoi zaidi ya moja. Bi mkubwa wetu, aliyeanza kilimo hiki tangu kilipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989, bado anabeba gunia lake mwenyewe na hataki kusaidiwa. Maji yakianza kupanda hayangoji mtu amalize mstari wake. Tunatoka yakiwa magotini, na kazi ya kuanika inaanza hapo.

Sasa nikueleze kilichotufikisha kwenye barua hii. Mwaka jana tuliitwa kwenye mafunzo ya siku tatu kuhusu vifungashio vya sabuni ya mwani. Waliotuita siwataji, kwa sababu nia yao ilikuwa njema, na mafunzo yenyewe tuliyataka sana. Sabuni yetu tunaitengeneza kwa unga wa mwani, mafuta ya nazi na karafuu. Wageni wanaipenda, lakini tunaifunga kwa karatasi tu na bei inabaki chini. Tarehe zilipoletwa nilizitazama, nikahesabu mwezi, nikaona zimeangukia katikati ya bamvua. Nikapiga simu kuomba zisogezwe wiki moja. Nikajibiwa kuwa ukumbi umeshalipiwa.

Tukakaa chini ya mkungu, tukagawana. Tisa wakaenda mafunzoni, tisa wakaenda baharini kuvuna mashamba ya watu kumi na wanane. Haikuwezekana. Mistari mingi ya wale waliokwenda ilibaki na mwani uliokomaa, mzito. Katika siku za maji mafu upepo wa kusi ukavuma kwa nguvu, mwani ukakatika, na bahari ikautupa pwani ukiwa umechanganyika na majani na mchanga. Mwenzetu mmoja alikuwa ameutegemea mwani huo kulipa mkopo wa kikundi. Alikuja kwenye kikao na kanga imefunika uso, akatuomba muda. Tulimpa, bila shaka. Lakini sikupenda kumuona akiomba kwa kosa ambalo si lake.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Katika ripoti ya mafunzo, iliyosomwa mbele yetu, iliandikwa kuwa mahudhurio yalikuwa nusu kwa sababu akina mama hawana mwamko. Mheshimiwa, nusu ile nyingine ilikuwa imesimama kwenye maji saa ileile, ikifanya kazi ya watu wawili ili wenzao wakae darasani.

Sisi wenyewe mambo yetu tumeyapanga kwa mwezi tangu kikundi kianze. Hisa za akiba ya kikundi tunaweka Ijumaa ya maji mafu, baada ya sala ya alasiri. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa akina mama watatu wa nyumba tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Kila mtu ananunua hisa zake, tunahesabu kwa sauti, mfuko wa jamii unatengwa kando kwa ajili ya msiba, uzazi na ugonjwa. Sabuni tunapika siku hizohizo. Hata harusi za kijijini mara nyingi zinaangalia maji, maana nani atapika biriani ikiwa wanawake wote wako baharini?

Kwa hiyo tunachoomba kinawezekana. Majedwali ya maji kupwa na kujaa hutoka mapema kwa mwaka mzima, na vijana wetu wanayaangalia kwenye simu. Asiye na jedwali atazame kalenda ya Kiislamu iliyoko ukutani: siku za mwanzo wa mwezi na zile za kuanzia kumi na nne atuachie. Siku za tarehe saba, nane, tisa, na za ishirini na mbili hadi ishirini na nne, tuko nyumbani. Tuiteni tutakuja wote kumi na wanane, kabla ya mwenye ukumbi hajafungua mlango. Wanunuzi wa mwani nao wapewe neno hilohilo, kwa sababu gari la kupimia likija wakati tuko shambani, wanaopima ni watoto na wazee waliobaki, na hawawezi kubishana na mzani.

Agizo likiandikwa, naomba liende hadi kwa masheha, viongozi wa serikali huku vijijini, na kwa kila mradi unaoingia vijijini, Unguja na Pemba.

Na wewe, Mheshimiwa, tunakukaribisha siku ya tatu ya bamvua lolote litakalokufaa. Fika saa tatu unusu. Vaa viatu vya plastiki vya kufunga, chini kuna mawe makali.

Wassalaam,
Katibu, kwa niaba ya akina mama kumi na wanane
Mwambao wa mashariki, Unguja