Vifupisho vya ufundishaji wa Kiingereza vifafanuliwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo linalotusumbua sisi tunaofundisha Kiingereza katika shule za sekondari, nalo ni wingi wa vifupisho vinavyoletwa kwenye semina na vitini bila kufafanuliwa.

Hivi karibuni nilihudhuria semina ya siku mbili. Kabla ya chai ya saa nne, mwezeshaji alikuwa amekwisha kuandika ubaoni TEFL, TESL, L1, L2 na PPP, nasi tukanakili kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Alipofika kwenye PPP, mwalimu mmoja wa makamo aliuliza, kwa upole kabisa, ubia wa serikali na sekta binafsi, ambao nao hufupishwa PPP, unahusiana vipi na kufundisha njeo ya wakati uliopita. Ukumbi mzima ulicheka, ingawa naamini wengi tuliocheka hatukuwa na jibu. Kumbe ni hatua tatu za somo tulizozifuata miaka yote: mwalimu huwasilisha jambo jipya, wanafunzi hulifanyia mazoezi kwa mwongozo wake, kisha hulitumia wenyewe katika mazungumzo au maandishi yao.

Kifupisho cha namna hiyo hakina madhara makubwa. Chenye madhara ni kile kilichobeba dai ndani yake. TESL ni kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili, na TEFL ni kukifundisha kama lugha ya kigeni. Lugha ya pili hutarajiwa mwanafunzi aikute pia nje ya darasa, ilhali ya kigeni huipata kwa mwalimu na kitabu tu. Mwanafunzi wangu hapa Morogoro hununua vitumbua kwa Kiswahili, hutaniana kwa Kiswahili, na shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Kiingereza hukiacha getini jioni. Hata hivyo, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, tunaiita ya pili na kuandaa masomo kana kwamba mtoto amekuja nayo kutoka nyumbani. Na aliyelelewa kwa Kiluguru, L1 yake, yaani lugha ya kwanza, ni ipi, na L2 ni ipi? Nilimwuliza mwezeshaji, akasema tutalirejea suala hilo baada ya chakula cha mchana. Hatukulirejea.

Hata wenye Kiingereza chao hawajaafikiana. Mtoto wa mhamiaji katika shule za Marekani huitwa ELL, yaani anayejifunza Kiingereza, lakini shule za Uingereza humweka chini ya EAL, Kiingereza kama lugha ya nyongeza, jina ninalolipenda zaidi kwa sababu haliulizi ni lugha ya ngapi.

Istilahi za isimu zilikwisha kushughulikiwa na TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoa kamusi ya fani hiyo mwaka 1990. Naomba Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Taasisi ya Elimu Tanzania waendeleze kazi hiyo kwa upande wa ufundishaji wa lugha, na waandaaji wa semina watangulize katika kila kitini ukurasa mmoja unaoeleza vifupisho vyote kwa Kiswahili. Swali la L1 nalo lipangiwe muda kabla ya chakula cha mchana.

Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro.