Jiwe halikuja

Kirumba, Mwanza

Shoga yangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikasema huyu simjibu kwa simu, nitaropoka. Unauliza kama uache viraka vya pale barazani uchukue kazi ya sare za shule, vyerehani vinne kwa mkopo. Unasema unaogopa hela kupotea. Nakujua tangu dawati moja, siamini kama ni hela.

Wewe habari za biashara yangu ya dagaa uliishia kuona picha za pakiti. Ngoja nikupe na zilizobaki.

Miaka sita niliuza kwa sado pale soko la Mwaloni. Nanunua gunia, napima, jioni nina ya mboga na ya mchezo wa kupeana. Sikulala njaa, ila sikusogea. Mbalamwezi ikitoka taa haivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, na mimi napumzika nao nitake nisitake. Halafu wale wa kuanikwa mchangani, ukitaja bei tu mteja anakukumbusha mchanga. Nikaamua nianike mwenyewe juu ya chanja, nifunge kwenye pakiti. Nikakopa kikoba milioni moja na laki nane.

Chanja ni miti na nyavu kuukuu, hakuna maajabu. Maajabu ni mvua. Mwezi wa nne ilinyesha siku tatu mfululizo, maturubai yakashindwa, dagaa wakalainika, wakaanza kutoa ile harufu. Magunia tisa yakaenda kwa watu wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo hata kuitaja naona uvivu.

Hiyo hasara niliilia usiku mmoja. Kilichonitesa wiki nzima ni Jumamosi ya kikoba, kusimama mbele ya wanawake ishirini na tano kuomba waniongezee muda wa marejesho. Mimi, mweka hazina wao! Mmoja akakohoa kile kikohozi. Wakanipa miezi miwili, na faini juu.

Kisha nikaenda Dar na begi la pakiti arobaini. Meneja wa duka moja kubwa aliniweka kwenye benchi tangu saa nne mpaka saa nane, mwisho akaniuliza, "Mama, hawa hawana mchanga?" Maneno yote niliyoyapanga kwenye basi yakanitoka. Nikachana pakiti, nikachota, nikaanza kuwatafuna mbele yake, wakavu hivyo hivyo na vichwa vyao. Nikamsogezea na yeye. Akatafuna taratibu, kama mtu anayesubiri jiwe. Jiwe halikuja.

"Alama ya TBS unayo?" Ile ya shirika la viwango. Sina. "Ukiipata, rudi."

Ndiyo nikaanzia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, darasani na vijana wa umri wa mwanangu, najifunza kufunga pakiti na kuandika lebo. Siku ya kwanza nilikaa nyuma. Ya tatu nilikuwa nauliza maswali mpaka wananisonya. Aibu nayo huisha kama sabuni, kwa kutumika.

Sasa vyerehani. Vinne vyote vya nini? Kopa viwili, vingine kodi kwa msimu, maana sare ni za Januari. Ikifika Machi utakuwa unavifuta vumbi. Kiwanja cha mama usikiweke dhamana, hata shemeji akisemaje. Na kwa mwalimu mkuu nenda mwenyewe, usimtume mtu. Najua utatetemeka. Beba sare moja iliyokamilika, mpe mkononi, mwambie avute mshono kwa nguvu zake zote.

Pakiti sita nimempa kondakta wa basi la kesho, nauli nimelipa, usikubali akudai tena. Mbili ni za mama. Kabla hujawaunga, tafuna mmoja mkavu, kisha uniambie.

Ni mimi,
mwenzio wa dawati la nyuma