Mkurugenzi asiwalaumu vijana

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukusumbua, lakini ile habari yenu ya jubilei ya kiwanda cha nguo imenishinda. Mkurugenzi kasimama mbele ya keki analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawatulii kazini, na mwandishi wenu kanakili kila neno. Hakuuliza hata mikataba yao ni ya muda gani. Ni ya miezi mitatu mitatu, tena kupitia wakala! Watulie wapi?

Mimi niliingia pale fundi wa mashine za kufuma, enzi za shirika la umma. Sisemi palikuwa peponi. Mishahara ilichelewa, vipuri vilikuwa vya kuombeana, na meneja alikuwa na shemeji kila idara. Lakini palikuwa na basi la zamu, zahanati na kantini. Wazee waliotupokea walikuwa na ibara ya 15 ya Mwongozo wa TANU wa 1971 kichwani, ile inayomkataza kiongozi jeuri na dharau, na meneja aliyemtukana mtu aliitwa kikaoni ajieleze. Ubinafsishaji wa miaka ya 90 ulipotufikia, cha kwanza kuuzwa lilikuwa basi.

Nilipopunguzwa, nilikuwa nimepitisha miaka ishirini pale. Binti wa utumishi, ambaye nilimjua tangu anakuja mazoezini kwa vitendo, akabonyeza kikokotoo na kunigeuzia karatasi nisaini. Nikamwambia mbona umehesabu miaka kumi tu? Akajibu bila kuinua macho: "Mzee, sheria inaishia kumi." Kweli, nimeisoma baadaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Yaani siku 70, hata kama umezeekea kwenye mashine, umepoteza usikivu kwa makelele yake na kifua kimejaa vumbi la pamba. Lakini sheria hiyohiyo inasema hicho ni kiwango cha chini! Nani alimkataza mwajiri kuongeza? Huo uaminifu anaoutafuta kwa vijana, wa kwetu aliupokea akaulipa nusu.

Na mkienda tena, muulizeni kantini iko wapi. Wafanyakazi wanakula kwa mama lishe nje ya geti, na mgambo wakija wanamwaga sufuria za maharage barabarani mchana kweupe, watu wanarudi zamu na njaa. Hilo nalo mngeliandika.

Ushauri wangu ni mdogo. Mkurugenzi naye apewe mkataba wa miezi mitatu kwa wakala, na siku akiondoka aitwe yule binti na kikokotoo kilekile. Keki atakayobakiza tugawiwe sisi wa siku 70.

Fundi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam