Mtoto akishalia, hatari haijapita

Mhariri,

Safu ya afya katika gazeti lako imeeleza vizuri kwa nini mtoto anayezaliwa amechoka asaidiwe kupumua ndani ya dakika ya kwanza, na kwa hilo sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni kauli kwamba mtoto huyo akishalia hatari imepita, kwa maana sehemu kubwa ya madhara ya ubongo hutokea baada ya hewa kurudi.

Seli za ubongo hupata nishati kutoka kwa mitokondria, yaani vitengeneza nishati vidogo vilivyo ndani ya kila seli, nazo mitokondria huhitaji oksijeni. Oksijeni ikikosekana, seli hushindwa kuiondoa glutamati, kemikali ya kupashana habari, nayo hurundikana nje na kuving'ang'ania vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea. Kimojawapo, kiitwacho NMDA, ni kama mlango wa kuingizia kalsiamu ndani ya seli, na kwa kawaida huzibwa na magnesiamu. Seli ikiishiwa nguvu kizibo hicho hung'oka, na kalsiamu ikamiminika ndani. Mitokondria huifyonza kalsiamu hiyo zikijaribu kuokoa jahazi, mpaka zinazidiwa, utando wake unatoboka na nishati inakatika. Kwamba glutamati iliyozidi huua seli si habari mpya: mtafiti John Olney wa Marekani aliyaandika hayo mwaka 1969.

Linalotisha zaidi ni muda. Mtoto akipumulishwa, nishati hurejea, ngozi hupata rangi, ndugu wakaanza kupongezana; kisha, kati ya saa 6 na 15 baadaye, nishati inaweza kuporomoka tena, na degedege huweza kufuata. Ndiyo sababu hospitali za Ulaya na Marekani huushusha joto mwili wa mtoto aliyeathirika hadi nyuzi 33 au 34 za Selsiasi kwa saa 72, zikianza kabla ya saa 6 za kwanza kwisha.

Nisieleweke kwamba nadai tuige. Utafiti uitwao HELIX, uliojaribu njia hiyo India, Sri Lanka na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2021, haukuona nafuu yoyote, na watoto walioshushwa joto walikufa wengi zaidi. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumvua mtoto nguo au kumwekea barafu kwa sababu amesoma barua hii.

Ninachodai hakihitaji mtambo. Mtoto aliyepumulishwa asiruhusiwe kwenda nyumbani siku hiyohiyo. Apimwe sukari na joto mara kwa mara, kwani homa nayo huongeza madhara. Na mama aelezwe kwamba degedege ya mtoto mchanga si lazima iwe ya kutikisika mwili mzima. Huenda mtoto akawa anatafunatafuna ilhali kinywani hamna kitu, anakodoa macho upande mmoja, au anachezesha miguu kama mwendesha baiskeli. Mama wengi hudhani anacheza au ana njaa, na muuguzi mwenye vitanda vingi hapiti kila mara.

Naomba kauli ile isahihishwe katika toleo lijalo, mahali palepale ilipochapishwa.

Mkunga mstaafu,
Morogoro